Darasa la taichi kule Vuga, nimekaa miezi saba nataka niseme yangu

Assalaam aleykum jamani. Tangu nilipoweka ile picha ya ukumbini tunapofanya taichi, yale mazoezi ya Kichina ya mapigano yanayofanywa polepole, watu wananiuliza maswali yale yale, bei gani, wapi, wanawake wanakwenda, na je ni halali, basi leo Ijumaa sina kazi nimeona nikae niandike yote kwa pamoja. Naandika kama mtu aliyelipa pesa yake mwenyewe miezi saba, sina udugu na maalim wala hajaniomba nimsifie, na malalamiko yangu ninayo vile vile, mtayakuta huko chini.

Mahali penyewe ni Vuga, hapa Mji Mkongwe Zanzibar, ghorofa ya pili kwenye nyumba ya zamani, ukiacha barabara unaingia ndani kidogo. Hakuna kibao, hakuna jina, watu wanasema tu "kwa maalim" na ukiuliza barazani hapo chini utaoneshwa. Ngazi ni zile za mbao za kizamani zilizosimama wima, mwenye goti bovu apande taratibu. Juu kuna ukumbi mrefu, madirisha makubwa, upepo wa bahari unaingia vizuri, na asubuhi ile saa 12 na robo watu wametoka kusali alfajiri mji bado umetulia, wallahi hapo tu ushapata nusu ya faida. Wanaume ni Jumatatu, Jumatano na Jumamosi asubuhi, wanawake Jumanne na Alhamisi saa 10 jioni na anayewafundisha ni mke wa maalim, mapazia yanafungwa na hapandi mwanamme yeyote. Bei elfu 40 kwa mwezi, wiki ya kwanza unakaa bure uangalie.

Sasa nieleze kwa nini mie nilikwenda, maana bila hilo hamtofahamu ninavyolisifu.

Mie nimepiga karate na kungfu tangu niko skuli. Sisi wa umri wangu Bruce Lee tumemkuta keshakufa, kafa 1973, lakini mikanda yake ya sinema ilikuwa inazunguka nyumba hadi nyumba mpaka picha inakatika mistari, na ile alama yake ya duara jeusi na jeupe lenye mishale miwili pembeni tulikuwa tunaichora kwenye madaftari, kwenye kuta, kwenye mabegi. Klabu moja niliyokuwa nikifanya mazoezi zamani, sitaitaja, fulana zao zilikuwa na duara hilo kifuani na mkufunzi kila siku anasema yin na yang, yin na yang, ndo jeusi na jeupe la duara lile, lakini mazoezi yenyewe ni kukaza tu, kaza ngumi, kaza tumbo, piga teke la juu, piga tena, hakuna siku hata moja tulifundishwa kulegeza kitu chochote. Nikakaa pale miaka sita. Siku moja nageuka kwa teke la mzunguko huku mguu niliosimamia umekakamaa kama nguzo, mwili ukageuka, mguu haukugeuka, goti likatoa sauti nnayoisikia mpaka leo nikilala. Miezi mitatu natembea na mkongojo, na hakuna aliyekuja kunitazama. Kwa hiyo mtu aliponiambia kuna darasa la yin na yang Vuga nilikwenda nimekunja uso, nikisema moyoni haya maneno nayajua.

Siku ya kwanza maalim alituita dirishani wageni watatu akasema hebu tazameni chini. Chini kuna kiwanja kidogo, nyumba mbili zinatazamana, kila moja na baraza yake. Wazee wanne wamekaa na kahawa yao kwenye baraza ya upande wa mashariki, pana kivuli, na ile ya pili jua lishaanza kuipiga haina mtu. Akauliza, hao saa 10 jioni watakuwa wapi? Mmoja wetu anayekaa jirani akacheka akasema watakuwa wamehamia ng'ambo, kila siku ndo hivyo. Maalim akasema basi, mshafahamu. Akatwambia maneno haya kwa Kichina asili yake ni kilima, yin ni ule upande wenye kivuli na yang ni ule upande wenye jua, kilima ni kimoja, jua likihama na kivuli kinahama, hakuna upande uliozaliwa yin ukafa yin.

Hapo nikashtuka khasa. Miaka yote ile nilidhani jeupe ni wema na jeusi ni uovu, au yang ni mwanamme na yin ni mwanamke na kwisha, kumbe kinachosemwa ni hali, kitu kiko vipi kwa wakati huu ukikilinganisha na cha pili. Mkono huu huu unaosukuma ni yang sasa hivi, ukimaliza kusukuma ukaanza kurudi ni yin. Ukitaka kuujua unautazama unafanya nini, hukai ukahifadhi orodha. Jioni ile nikapita pale makusudi na vespa, wazee wamehamia ng'ambo kama walivyosemwa.

Lakini maneno hata kule klabu yangu ya zamani yalikuwepo. Kilichonifanya nilipe mwezi wa kwanza ni karatasi.

Maalim anachukua karatasi ya kawaida ya daftari anaiweka chini, anakwambia weka mguu wa kulia juu yake, halafu hamisha uzito wako wote mguu wa kushoto, taratibu, mgongo umesimama, usiinamie upande. Yeye anainama ameishika pembe ya karatasi anaivuta kidogo kidogo. Kama mguu wa kulia kweli umekuwa mtupu, karatasi inatoka nzima na wewe hujatikisika. Kama bado umeacha uzito humo kwa woga, inachanika. Yangu ilichanika mara nne! Mtu niliyepiga karate miaka chungu nzima sikuweza kuutoa uzito wangu kwenye mguu mmoja nikaupeleka wa pili bila kubakisha, na nilikuwa sijui kwamba siwezi. Mara ya tano ikatoka, na nilipoiona imetoka nikasikia paja la kushoto linawaka moto na mguu wa kulia mwepesi kama si wangu, naweza kuupeleka mbele, nyuma, nipige teke, nisipige, chochote. Maalim akaligusa paja akasema huu umejaa, huu mtupu, yang na yin ndo hizi, anza hapa.

Wachina wana jina maalumu la lile kosa la kuchanika karatasi, wanaliita uzito wa pande mbili, na kwa watu wa taichi ni aibu kubwa. Ukigawa uzito nusu kwa nusu halafu ukakaza, unakuwa umepigiliwa chini kama msumari, akikusukuma mtu huna pa kwenda ila kushindana naye nguvu. Na goti langu, jamani, lilivunjika hivyo hivyo, mguu uliojaa nikaugeuza bila kuutoa uzito kwanza. Miaka imepita nilikuwa nasema bahati mbaya. Pale ukumbini ndo nikafahamu kilichotokea, na nasema kweli nilikaa kando kidogo machozi yakanilenga.

Mwezi mzima wa kwanza ni hayo tu, kusimama, kuhamisha uzito, kutembea kama paka, na kusimama tena mikono imekumbatia hewa kama umekumbatia pipa. Wengi wanakimbia hapa. Msikimbie. Mwezi wa pili anaanza kukufundisha ule mpangilio wa hatua 24, ambao ulitungwa China mwaka 1956 na kamati yao ya michezo ili watu wa kawaida wajifunze, ukiufanya mzima ni kama dakika tano sita hivi. Majina yake matamu, kuna farasi mwitu kugawa manyoya ya shingo, kuna korongo mweupe anatandaza mbawa, mikono ya mawingu, na kuna moja inaitwa sindano chini ya bahari ambayo mzee mmoja wa darasani mvuvi wa zamani anaipenda kuliko zote, kila akiishuka anasema hii yangu hii.

Na sasa nieleze ile nukta ya kwenye duara, maana kila mtu ananiuliza kwa nini kwenye jeusi kuna kitone cheupe na kwenye jeupe kitone cheusi. Maalim ni mtoto wa pwani, wa Mkokotoni, mambo yake yote anayaelezea kwa bahari. Anasema nendeni pwani siku ya bamvua, maji yanajaa mpaka yanagusa mizizi ya mikoko, na pale pale yalipojaa kupita kiasi ndipo yanapoanza kupwa, hayasubiri tangazo, kupwa kulikuwa kushaingia ndani ya kujaa. Vizuri, nikasema, lakini kwenye mwili ndo nini? Akaniambia subiri Jumamosi.

Jumamosi ni siku ya kusukumana mikono. Akanipanga na mzee mmoja fundi cherehani, kasema mwenyewe ana miaka 71, mwembamba, koti lake la mazoezi linampwaya. Nikamwambia shikamoo babu, akasema marahaba mwanangu njoo usiogope. Tukasimama mguu mmoja mbele, vifundo vya mikono vimegusana, na sharti ni mikono isiachane na miguu isihame. Mie nina kilo 88. Nikamsukuma kifuani kwa adabu, hakuna kitu. Nikaongeza. Nikaongeza tena, mara hii kwa nia, na unajua ukisukuma mlango mzito kwa bega halafu mtu wa ndani akaufungua wakati ule ule? Ndo hivyo. Kifua kilichokuwa pale hakipo, mkono wangu unaendelea mbele, kisigino cha nyuma kishanyanyuka, na mkono wake haujaniacha, umenata kwenye kifundo changu mwepesi kama kipepeo unaniongoza kule kule nilikokuwa nakwenda. Nikatazama chini. Mguu wake wa nyuma ulikuwa umejaa, goti limekunjika, kama fimbo ya mshipi iliyoinamishwa na samaki. Alikuwa amerudi mpaka mwisho wa kurudi, amekuwa yin yote, na ndani ya kurudi kule nguvu ya kuja mbele ilikuwa imeshakusanyika mguuni. Nukta nyeupe ile. Akageuza kiuno kidogo tu, hata mikono sikuiona ikifanya kazi, nikaenda hatua tatu nyuma mpaka ukutani.

Wachina wanasema liang nne zinahamisha jin elfu moja, ambayo kwa mizani yao ya leo ni gramu 200 kuhamisha kilo 500. Zamani nilikuwa nadhani ni kutia chumvi. Baada ya yule babu sina shaka, kwa sababu gramu 200 hazibebi zile kilo 500, zinazielekeza tu, mzigo unajibeba mwenyewe kwa haraka yake.

Kuhusu dini sasa, na hili naliheshimu sana swali lake. Nimekaa miezi saba, hakuna kurukuu, hakuna kusujudu, hakuna picha ya mtu ukutani wala ubani. Salamu yao ni ngumi ya kulia ndani ya kiganja cha kushoto mbele ya kifua, umesimama wima, kwisha. Adhana ikisikika kila kitu kinasimama, na Ramadhani alihamisha darasa likawa nusu saa kabla ya futari, kusimama na kupumua tu. Maalim mwenyewe kasema wazi mbele yetu kwamba kwa Wachina fikra hizi zimeingia kwenye tiba yao, kwenye dini ya baadhi yao, kwenye mambo mengi, yeye anachukua ile sehemu inayoeleza mwili unavyofanya kazi na hapo ndo anapoishia, mwenye shaka akamuulize sheikh wake. Na ukifikiri, sisi bibi zetu wametulea na hiki chakula cha moto hiki cha baridi, huyu tabia yake ya moto mpe kitu cha baridi, bila mtu kuona tabu. Si kitu kimoja na yin na yang, msije mkachanganya, hayo yetu yamekuja na tiba ya Kiyunani kwa njia ya Waarabu, lakini sikio la Mzanzibari lishazoea namna hii ya kufikiri, na mama yangu aliyechomwa zile sindano za tiba ya Kichina na madaktari wa Kichina, ambao wako hapa kwetu tangu 1964, alinielewa kabla sijamaliza sentensi.

Kitu kingine nilichokipenda, maalim hadanganyi historia. Kuna hadithi ya mtawa aliyeona korongo na nyoka wanapigana akabuni taichi, anaisimulia vizuri sana watu wanatulia, halafu anasema hii ni hadithi. Kisha anakwambia yenye ushahidi inaanzia kijiji cha Chenjiagou, mkoa wa Henan, karne ya 17, kwa ukoo wa Chen, na baadaye akaja Yang Luchan, aliyezaliwa 1799 akafa 1872, akajifunza kwao akaipeleka Beijing. Na hapa tahadhari kwa mnaotafuta video mtandaoni, mtindo wa Yang ni jina la ukoo wake, maana yake mti fulani, herufi yake kwa Kichina ni nyengine kabisa na ile yang ya jua. Mie nilikuwa naamini mtindo wa Yang ni taichi ya nguvu na nikawa nauliza darasa la mtindo wa Yin liko wapi. Mwaka 2020 UNESCO wakaiweka taichi kwenye orodha yao ya urithi usioshikika, kwa hiyo tunafanya urithi wa dunia ndani ya Mji Mkongwe ambao nao ni urithi wa dunia tangu 2000, mie hilo linanifurahisha kila nikipanda ngazi zile.

Haya, malalamiko.

Sakafu. Sehemu ya mbele ni saruji nyekundu ya zamani, nzuri mno, lakini karibu na dirisha la mwisho wameweka vigae vya kisasa vya kung'aa, na mvua ya masika ikipuliza ndani panakuwa kama sabuni. Mtu ashateleza. Maalim kaambiwa, kaweka mkeka. Mkeka kwenye kigae nao unateleza. Nakuomba maalim, kama unasoma, ving'olewe.

Watu ni wengi siku ya Jumamosi, tulifika 22 mara moja, na anayeanza anachanganywa na wa mwaka wa pili, akikosea hakuna wa kumwona.

Na lalamiko langu kubwa ni hili, na nalisema kwa kipimo alichotufundisha mwenyewe. Darasa limeegemea yin mno. Miezi saba nimelegeza, nimerudi, nimepumua, nimenata, alhamdulillah goti limepona napanda ngazi bila kufikiri, lakini kwenye zile hatua 24 mna mateke na mna ngumi, na tunazipita taratibu kama tunapangusa vumbi, hakuna hata siku moja aliyetuwekea pedi tukapiga. Mtindo wa Chen kule kijijini kwenyewe una polepole halafu ghafla nguvu inalipuka, hiyo ndo yang yake, inatoka ndani ya ule ulegevu. Sisi tunaweka akiba tu hatutoi. Vijana wawili wa Jang'ombe nilikuja nao mie mwenyewe, vipaji kweli kweli, wameacha mwezi wa nne kwa sababu hiyo, sasa wamerudi kule kwenye kukaza. Nilimwambia maalim faraghani, akasikiliza kwa heshima, akasema hayo ni mwaka wa pili, mwili usiojua kuwa mtupu ukiupa mlipuko unaumia, nikumbuke goti langu. Sawa, goti nalikumbuka kuliko yeye. Lakini mwezi wa tano wa sita mtu karatasi yake inatoka nzima kila siku, mpe hata dakika kumi za kupiga kitu aone yale maji yakijaa. Mimi kwa hili sijakubaliana naye mpaka leo.

Kwa wazee wenu ningesema wapelekeni bila kusita. Utafiti mwingi umeonesha taichi inapunguza wazee kuanguka, na ukishaiona ile karatasi unafahamu kwa nini, maana mtu mzima anaanguka pale pale uzito unapotoka mguu huu kwenda ule. Mama yangu anakwenda Alhamisi, mwezi wa pili huu, juzi nimemkuta jikoni anakuna nazi kakaa kwenye mbuzi, akanyanyuka bila kushika ukuta. Hakusema kitu, na mimi sikusema, nilibaki nikimtazama tu.

Mkienda vaeni suruali pana na viatu vya raba soli nyembamba, zile buti nene za jogging hazikupi hisia ya chini. Maji njoo nayo. Pa kuegesha gari hakuna, vespa na baskeli zinakaa uwani bwana wa kahawa anaziangalia, mpe chochote. Mie Jumatatu nakwenda, natokea Jang'ombe saa 11 na dakika 50, nina nafasi moja nyuma ya vespa na helmeti ya pili ninayo, anayetaka aniandikie kabla ya Jumapili usiku.